Majina Niliyoyafuta Kisondela

Mmeniomba vidokezo kumi. Yule mwenyekiti wa kikundi chenu cha watengeneza tovuti, binti mwenye miwani, aliniletea karatasi yenye namba moja hadi kumi, kila namba na mstari wake mtupu, nijaze tu kama ninaandikisha mtoto shule. Sina kumi. Ninavyo vichache, na kimoja kati ya hivyo kiliwaumiza watu wengine kuliko kilivyoniumiza mimi. Nitawaandikia kwa mpangilio wangu, na asiyependa aende mtandaoni, huko vidokezo havijawahi kupungua.

Jina langu Lusekelo. Kwa Kinyakyusa maana yake ni furaha, lakini msitegemee mengi. Nimetengeneza tovuti na mifumo ya kompyuta hapa Tukuyu na Mbeya kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimestaafu kwa sababu macho yamechoka, na kwa sababu nilifika mahali nikawa nachukia hata sauti ya kibodi. Nikipita sokoni watu wananiita Injinia, halafu wananipa simu iliyoingia maji niitazame. Sijawahi kuwa injinia. Nilikuwa mtu wa kunakili msimbo wa watu wengine na kubadilisha majina yaliyomo. Nyinyi pia ndivyo mlivyo, msinikunjie uso.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Zuhura. Baba yake alikuja kutoka pwani na cherehani moja, akafungua duka la kushona hapa mjini, akabaki. Yeye hakupenda kushona. Alifungua chumba cha kompyuta karibu na stendi, mashine nne, mbili zikiwa nzima, na mimi nikawa fundi wake. Msimbo hakuujua kama mnavyoujua nyinyi, ila alijua mtu anayeshika simu upande wa pili ni nani, na alikuwa mkali kama pilipili kichaa.

Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya wageni. Juu kabisa niliweka picha ya mlima Rungwe, safi, kubwa, megabaiti nne. Pale chumbani ilifunguka mara moja, kwa sababu ilikuwa imekaa kwenye kompyuta ileile niliyokuwa naitazamia. Mama Zuhura aliiangalia, akafungua mkoba, akanipa simu yake ndogo na nauli.

"Nenda Ikuti ukaifungue ukiwa huko," akasema. "Usirudi mpaka ifunguke."

Nikakaa kwenye benchi la duka moja pale Ikuti, kijijini, ambako mtandao unasuasua. Picha za aina ile zinashuka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari. Ikaanza mbingu. Ikaendelea mbingu. Mwenye duka akaja kuchungulia, akaniuliza kama hayo ni maji. Bando likaisha nikiwa bado kwenye mawingu, mlima wenyewe haujatokea hata kilele. Nikarudi kichwa chini.

"Umeuona mlima?" Mama Zuhura akauliza.

"Sijauona."

"Basi na mgeni hakuuona. Anza upya."

Kwa hiyo picha ya juu kabisa ipunguzeni mpaka iwe nyepesi, na zile za chini ya ukurasa ziandikeni hivi, zisipakuliwe mpaka mtu azifikie:

```
<img src="chumba-kidogo.jpg" width="480" height="270"
     loading="lazy" alt="Chumba cha wageni, dirisha linatazama mlimani">
```

Upana na urefu viandikwe, ili maneno yasirukeruke wakati mtu anasoma. Na kabla hamjasema kazi imekwisha, chukueni simu ya bei ndogo kuliko zote mlizonazo nyumbani, mpande bodaboda mtoke mjini, mkaifungue huko.

Mama Zuhura alikuwa na neno jingine. Alikuwa akinikuta nafuta mafaili kwenye mashine ya mteja, anasema, "Usifute kitu ambacho hukukiweka wewe." Nilikuwa nacheka. Nilimwona mama wa duka anayeogopa kompyuta. Alifariki kabla sijaelewa alichokuwa akiniambia, na hilo nalo linanikera, kwa sababu ningependa aniseme.

Sasa nije kwenye lile kubwa.

Kampuni moja iliyokuwa inanunua parachichi, ambayo jina lake nalimeza, iliniajiri nitengeneze mfumo wa kuandikisha wakulima. Parachichi la kupeleka nje halichumwi ovyo. Likishachumwa, lazima liwahi chumba cha baridi kabla halijaanza kulainika. Kwa hiyo mkulima anakaa anasubiri meseji: chuma kesho, lori linapita. Asiyepata meseji hachumi, na kwa asiyechuma lori halisimami. Kazi yote hiyo ilitegemea orodha moja ya majina, na orodha hiyo niliitengeneza mimi.

Waliojaza fomu ni makatibu wa vikundi, kwa simu, hukohuko vijijini. Katibu wa kikundi kimoja cha Kisondela alikuwa mzee anayeitwa Andongwisye, mtu mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wa walimu wengi. Alianza kuandika majina yote kwenye daftari, ndipo akawa anayaingiza kwenye simu moja moja. Kisondela mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Anabonyeza Tuma, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Anabonyeza mara ya nne, ndipo skrini inasema imepokelewa, kumbe hata zile tatu za mwanzo zilikuwa zimefika. Mkulima mmoja anaingia mara nne. Na si Kisondela tu, Matwebe vilevile, Ikuti vilevile.

Kosa hilo lilikuwa langu, si la Andongwisye, na dawa yake ni mistari michache ambayo mimi sikuiandika:

```
fomu.elements.namba_ya_fomu.value = crypto.randomUUID();

fomu.addEventListener('submit', () => {
  kitufe.disabled = true;
  kitufe.textContent = 'Inatumwa, subiri...';
});
```

Na upande wa kanzidata:

```
ALTER TABLE wakulima ADD UNIQUE (namba_ya_fomu);
```

Fomu inapofunguliwa inajipa namba yake yenyewe. Ikitumwa mara nne, ni namba ileile mara nne, na kanzidata inapokea ya kwanza tu. Kuzima kitufe peke yake hakutoshi, maana simu inaweza kutuma tena bila mtu kubonyeza kitu. Nilijua haya yote. Niliahirisha kwa sababu nilikuwa nahangaika na rangi ya menyu.

Ijumaa moja alasiri mkurugenzi akaja mezani kwangu. Jumatatu wageni walikuwa wanakuja kutazama mfumo, na yeye alikuwa ameifungua orodha akakuta jina moja limejirudia mara nne.

"Hii ni aibu, Lusekelo. Safisha."

Nikaingia mtandaoni, nikatafuta namna ya kuondoa yaliyojirudia, nikapata msimbo wa mtu fulani wa mbali huko, watu wengi wameusifia. Nikabadilisha majina ya jedwali na safu. Huu hapa, muutazame vizuri, na msije mkauendesha:

```
DELETE FROM wakulima
WHERE id NOT IN (
  SELECT MIN(id) FROM wakulima
  GROUP BY jina, kijiji
);
```

Maana yake: wenye jina moja na kijiji kimoja wahesabu ni mtu mmoja, mwache aliyeandikwa kwanza, wengine wote futa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Orodha ikawa safi, fupi, inapendeza. Nikazima kompyuta nikaenda nyumbani mapema, najiona fundi.

Wanyakyusa miongoni mwenu mmeshaliona shimo. Wale ambao wazazi wenu walihamia huku niwaeleze. Hapa mtoto anapewa jina la babu yake. Asajile, ambaye baba yake ni Gwakisa, anamzaa mwana, anamwita Gwakisa. Gwakisa akipata mwana, anamwita Asajile, kwa heshima ya baba yake. Basi babu ni Asajile Gwakisa, na mjukuu ni Asajile Gwakisa. Jina la ukoo lilelile, kijiji kilekile, pengine hata shamba limepakana. Nyumba ngapi za Rungwe ziko hivyo? Anzeni kuhesabu za kwenu.

Na mimi je? Babu yangu aliitwa Lusekelo. Majina yetu yote matatu ni yaleyale, herufi kwa herufi. Kanisani kwetu walikuwa wakisoma jina langu wanaongeza "mdogo" ili watu wasigeuke kumtafuta mzee. Mtu mwenye jina hilo alikaa kwenye kiti, akaandika kwamba wenye jina moja ni mtu mmoja, akabonyeza. Yule wa mbali aliyeutunga ule msimbo simlaumu, huenda kwao hakuna mjukuu wa jina la babu. Mimi nilijua tangu nabatizwa, na nina hasira na nafsi yangu mpaka leo.

Mtauliza kwa nini sikutumia namba ya simu. Wazee wengi hawakuwa na simu, katibu aliwaandikia namba yake mwenyewe, kwa hiyo namba moja ilikuwa na watu kumi na watano. Tarehe ya kuzaliwa? Ukiamini fomu zile, wazee wote wa Matwebe walizaliwa tarehe moja Januari, siku moja, wakunga hawakulala. Kitambulisho wengi walikuwa hawajapata. Hakukuwa na njia ya mkato. Njia ilikuwa kuuliza tu, bila kufuta kitu:

```
SELECT jina, kijiji, COUNT(*)
FROM wakulima
GROUP BY jina, kijiji
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Hiyo inakupa orodha ya wanaofanana. Unaichapa kwenye karatasi, unampelekea katibu, unamwambia, mzee, hawa ni mtu mmoja au wawili? Andongwisye angenijibu yote kwa nusu saa, tena akiwa anakunywa chai. Na yule ambaye ni kweli amejirudia, bado humfuti. Unamficha, na unaandika sababu:

```
UPDATE wakulima
SET amefichwa_lini = NOW(), sababu = 'Ameandikwa mara mbili, katibu amethibitisha'
WHERE id = 212;
```

Siku hizi hamnakili tena kama sisi. Mnaiomba akili bandia, inawaandikia kwa adabu, ina maelezo mazuri, na mnabandika bila kusoma. Kosa ni lilelile langu, ila nyinyi mnalifikia kwa haraka zaidi.

Turudi Kisondela. Mjukuu, huyu Asajile kijana, alikuwa na miti sitini ya parachichi, ya kubebesha, yaani ya kupandikizwa ili izae mapema, aliyoipanda mwenyewe kwenye shamba alilopewa na baba yake mdogo. Baba mdogo huyo ndiye Andongwisye, katibu. Gwakisa, baba mzazi wa Asajile, alifariki wakati kijana huyu akiwa bado mtoto mdogo, na Andongwisye ndiye aliyemlea. Miti ilikuwa inazaa kwa mara ya kwanza kwa wingi. Babu, Asajile mzee, alikuwa na miti mitatu nyuma ya nyumba, na simu hakuwa nayo, aliandikwa kwa namba ya Andongwisye.

Aliyebaki kwenye orodha yangu ni babu, kwa kuwa aliandikwa kwanza. Meseji ikatoka: Asajile Gwakisa, chuma kesho. Ikaingia kwenye simu ya Andongwisye. Andongwisye akaielewa sawasawa, ni ya mzee, akaenda akamchumia mzee kreti zake mbili, lori likasimama likazichukua. Kijana akalitazama lori likipita mbele ya miti yake sitini. Akasubiri meseji yake wiki hiyo, na wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Siku alipokuja ofisini nilikuwepo, meza ya pili kutoka mapokezi. Dada wa mapokezi akafungua skrini.

"Asajile Gwakisa wa Kisondela? Mbona umeshatumiwa, kaka. Na mzigo wako umeshapokelewa."

"Umepokelewa kutoka kwa nani? Mimi sijachuma hata moja."

"Hapa imeandikwa umepokelewa. Meseji ilienda kwenye namba hii." Akaanza kuisoma, na kijana akaimalizia mwenyewe, tarakimu nne za mwisho, kwa kichwa.

"Hiyo ni ya baba mdogo," akasema.

Akatoka. Dada wa mapokezi akanigeukia akasema, "Ndugu hawa." Na mimi nikatikisa kichwa, nikasema ndiyo, ndugu ni wabaya. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Hata kulifungua jedwali nitazame sikulifungua.

Baada ya siku chache akaja Andongwisye mwenyewe. Alikuja kwa miguu, na mguu mmoja ulikuwa unamsumbua.

"Ugonile, tata," akanisalimu, akiniita baba, ingawa alinizidi umri. "Naomba unitazamie majina mawili. La mzee ninaliona. La mwanangu silioni. Nami niliyaandika yote mawili kwa mkono huu."

Akafungua daftari. Yalikuwa mawili, moja chini ya jingine, na mbele ya moja ameandika "babu", mbele ya jingine "mjukuu". Nikafungua bekapu ya Alhamisi ile, siku moja kabla ya kusafisha. Yalikuwa mawili. Nikalinganisha orodha nzima. Zaidi ya watu thelathini, wajukuu wa kiume na wa kike, wote wenye majina ya babu na bibi zao, walikuwa wamefutwa na mimi, na mazao yao yalikuwa yanaanguka chini ya miti.

"Ni kosa la mfumo, mzee," nikamwambia. Tazameni hilo neno. Mfumo.

"Ndaga fijo," akasema, ahsante sana, na uso wake ukafunguka. "Basi niandikie karatasi. Mistari miwili tu. Kijana ameacha kuja kwangu. Anasema nimemuuza. Nikimwambia si mimi haamini, lakini karatasi ya ofisi ataiamini."

Nikamwambia aje wiki ijayo.

Nikaenda kwa mkurugenzi. Alinisikiliza, halafu akasema nirudishe majina kimyakimya na nisimwandikie mtu yeyote kitu. "Ukiandika barua moja, utaandika thelathini. Wataanza kuuliza na mengine. Na wageni wameshaandika ripoti nzuri." Nikamwambia kuna mzee anasingiziwa. Akasema mambo ya ukoo yatamalizwa na ukoo, na akaniuliza kama kazi nimeichoka.

Sikuwa nimeichoka. Nikarudisha majina siku hiyohiyo. Msimu ulikuwa umekwisha, parachichi zilizobaki juu zilikuwa zimepitiliza, hakuna ambaye angezipokea. Barua sikuandika.

Andongwisye akaja wiki iliyofuata. Nikamwambia bosi amesafiri. Akasema ndaga fijo. Akaja mara ya tatu, mvua inanyesha, amevaa mfuko wa mbolea mabegani. Nikamwambia barua inapigwa muhuri. Akasema ndaga fijo, akageuka, akarudi Kisondela na mguu wake ule. Mara ya nne hakuja. Nadhani alinielewa, akaona aibu kwa niaba yangu.

Barua yenyewe ingekuwa hivi. Inakilini, hii ndiyo ninayotaka muinakili:

```
Ndugu Asajile, jina lako lilifutwa kwenye orodha kwa kosa langu
mimi mtengeneza mfumo. Katibu wenu hahusiki kwa lolote. - Lusekelo
```

Haihitaji seva wala bando. Siku mtakapoharibu, na mtaharibu, andikeni siku hiyohiyo, kwa yule aliyeumia, kwa jina lake na kwa jina lenu, kabla hamjaenda kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Mkishaomba ruhusa mmekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, ila kwangu hakikuniumbua mimi, kilimchukua mwingine.

Asajile alikata miti. Yote sitini, kwa panga na shoka, siku mbili, akapanda tena migomba kama zamani. Nilisikia kwa dereva wa lori, ambaye alikuwa anasimulia kama kichekesho, kwamba kuna kijana Kisondela amekata parachichi zinazozaa. Watu walicheka. Msimu uliofuata mfumo wangu ukamtumia meseji kama kawaida: Asajile Gwakisa, chuma kesho. Uliituma kwenye namba sahihi kabisa.

Andongwisye alifariki mwaka uliofuata, kwa presha walisema. Nilikwenda msibani na wenzangu wa ofisini, tumekodi gari, tumevaa vizuri. Mkurugenzi alisimama akamsifu kwa uaminifu wake katika kazi ya ukatibu. Wanaume walikuwa wamekaa migombani, wanawake wanaimba ndani. Asajile hakuingia. Alisimama barabarani, ng'ambo ya ua, mikono nyuma, mpaka jeneza likatolewa, na hata makaburini alibaki nyuma ya watu wote na hakutupa udongo. Wazee wa ukoo walikuwa wakimtazama kwa macho mabaya. Nilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwake, na nilikuwa na mdomo.

Nilimaliza miaka mingine kadhaa pale. Nilipewa hata cheti. Nilipostaafu nikasema sasa hakuna wa kunifukuza, na bado nikakaa karibu mwaka mzima nyumbani nikitafuta sababu: mara mvua, mara goti, mara bodaboda wa siku hizi wanakimbiza mno. Mwezi uliopita, baada ya huyu mwenyekiti wenu kuniletea karatasi yake, nikaona siwezi kuwafundisha watoto wa watu kitu chochote kabla sijafika Kisondela.

Nilimkuta Asajile barazani anapukuchua maharage. Mvi zimeanza. Mvua ilikuwa inanyesha kwa utulivu, ile ya huku isiyo na haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akanipa kigoda. Nikamweleza yote bila kupumzika: fomu iliyotumwa mara nne, ule msimbo, jina la babu na jina la mjukuu, bekapu, baba yake mdogo na daftari lake. Nilimwambia kwamba baba mdogo hakuchukua kitu. Nilimwambia kwamba aliomba karatasi na mimi ndiye niliyemnyima. Sikutaja mkurugenzi. Nilikuwa nimejiapiza njiani nisimtaje.

Alikuwa ameacha kupukuchua. Ganda moja lilikuwa bado mkononi.

"Alikuja mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Akatazama mguu wake mwenyewe, sijui kwa nini. Nilidhani atanipiga, na nakiri nilitamani anipige. Mkewe alichungulia mlangoni, akaona sura zetu, akarudi ndani.

"Na wewe msibani ulikuwepo," akasema. "Nilikuona. Ulikuwa na shati jeupe."

"Nilikuwepo."

"Walipopakua, ulikula?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya kwa mambo makubwa zaidi.

"Nilikula," nikasema.

"Mimi sikula," akasema. "Amenilea tangu nina miaka sita, na chakula cha msiba wake sikula."